Usifyeke Kila Kitu: Somo juu ya Uwanja wa Mbele wa Nyumba Mpya

Somo letu la leo linahusu uwanja. Si uwanja wa mpira. Ni uwanja ulio mbele ya nyumba yako. Ni pale unapotandika mkeka jioni. Ni pale watoto wanapocheza na wageni wanapopiga hodi.

Labda utauliza, "Uwanja una uhusiano gani na afya? Huyu mtu wa zahanati si angetufundisha habari ya dawa?" Swali lako ni zuri. Nitalijibu kwa kukueleza kosa nililofanya mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Mimi ni tabibu msaidizi. Nilisoma, nikapata cheti, nikapangiwa kazi katika zahanati moja pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwaka huohuo dada yangu na shemeji yangu walihamia katika nyumba yao mpya huko Mabwepande, Wilaya ya Kinondoni.

Mabwepande iko karibu na msitu wa Pande. Zamani palikuwa na mashamba na vichaka. Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam. Mwaka 2012 Serikali iliwapa viwanja huko Mabwepande watu waliotolewa mabondeni. Tangu hapo watu wengi wengine wamejenga huko. Mambo ni hayohayo upande wa Temeke, kule Chamazi na Toangoma. Jana palikuwa shamba la mikorosho, leo pana nyumba.

Dada aliniita nikaone nyumba. Mbele palikuwa na mikole miwili, mkwaju mchanga, na majani ya ukoka. Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa afya. Tufanye nini hapa mbele?"

Nilijibu haraka kama mwanafunzi aliyekariri somo. Nilisema, "Fyekeni yote, dada. Majani ni nyumba ya mbu na nyoka."

Wakafyeka yote. Mikole ikakatwa, mkwaju ukang'olewa, na ukoka ukapalilia kwa jembe hadi ukaisha. Uwanja ukawa mweupe. Dada akaufagia kila asubuhi, na majirani wakamsifu kwa usafi. Mimi pia nilimsifu.

Kisha masika ikaja. Maji yalitoka juu ya mteremko yakapita uwanjani bila kuzuiliwa na kitu. Yalibeba udongo. Baada ya wiki chache msingi wa nyumba ulikuwa umeonekana kwa shibiri moja. Na karibu na mlango palikuwa na shimo ambalo mafundi walikorogea zege. Hakuna aliyelifukia. Lilijaa maji, likapigwa na jua siku nyingi. Nilipolitazama niliona viluwiluwi vya mbu vinacheza juu ya maji.

Mwezi uleule mtoto wa dada, mwenye miaka mitatu, aliletwa zahanati usiku akiwa na homa kali. Alikuwa na degedege. Nilimpima mimi mwenyewe. Alikuwa na malaria. Nilimpa dawa ya kwanza, tukatafuta gari, tukampeleka hospitali. Alilazwa siku tano. Namshukuru Mungu, alipona.

Ndugu msomaji, siwezi kusema ni mbu yupi aliyemuuma. Lakini najua jambo moja. Nilimwambia dada afyeke mikole, ambayo haikuwa na kosa. Sikumwambia afukie shimo, ambalo lilikuwa na kosa. Tangu siku ile nimejifunza upya somo la uwanja, na leo nakupa wewe.

MBU ANAZALIWA WAPI?

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Walijifunza kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani karibu na nyumba. Kazi ile ilikuwa njema sana. Lakini baadhi yetu tumeshika neno moja tu, "fyeka", tukasahau neno "fukia".

Mbu hazaliwi katika majani. Mbu huzaliwa katika maji. Anataga mayai majini, mayai yanakuwa viluwiluwi, na viluwiluwi vinakuwa mbu. Kazi hiyo huchukua kama wiki moja hadi mbili. Mbu mkubwa anaweza kupumzika mchana katika majani yenye kivuli, hiyo ni kweli. Lakini ukifyeka majani na kuacha maji, mbu ataendelea kuzaliwa.

Tena, yule mbu anayeleta malaria hupenda sana dimbwi la maji lililo wazi kwa jua. Uwanja mtupu wenye mashimo na alama za matairi humfaa kuliko kichaka kikavu.

Yuko mbu mwingine, anayeleta homa ya dengi, ambayo watu huiita kidingapopo. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyo huuma mchana. Hutaga katika maji ya vyombo: pipa, ndoo, tairi, kopo, kifuu cha nazi, na kile kisahani cha chini ya kopo la maua.

Basi kumbuka sentensi hii: Adui ni maji yaliyotuama, si mti.

KWA NINI MIMEA YA ASILI?

Mimea ya asili ni ile iliyoota mahali petu tangu zamani, bila kuletwa na watu kutoka nchi za mbali. Mkwaju, mkole na mpingo ni ya asili hapa pwani. Mwembe si wa asili, ulitoka Asia. Mkorosho ulitoka Brazili. Mwarobaini ulitoka upande wa India. Mkrismasi, ule wenye maua mekundu mwezi wa Desemba, ulitoka Madagaska.

Sisemi miti ya kigeni ni mibaya. Mwembe hutupa chakula na kivuli, na nani atakataa embe? Lakini mmea wa asili una faida tatu kwa mtu aliyehamia nyumba mpya.

Faida ya kwanza ni maji. Dar es Salaam ina mvua za masika, Machi hadi Mei, na mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna ukame. Mmea wa hapa unaijua kalenda hiyo. Ukishashika mizizi, unangoja mvua yake. Lakini maua mengi ya dukani hutaka kumwagiliwa kila jioni. Huku pembezoni wengi wetu tunanunua maji kwa dumu au kwa boza. Si busara mtoto akose maji ya kuoga na ya kunawa mikono ili ua linywe.

Faida ya pili ni udongo. Mizizi ya majani na vichaka hushika mchanga usichukuliwe na mvua. Udongo ukibaki, msingi wa nyumba unabaki salama, na mitaro ya mtaa haizibi.

Faida ya tatu ni hewa na kivuli. Januari na Februari jua la Dar es Salaam ni kali. Bati likipata moto, ndani ya nyumba huwa kama tanuri. Mtoto mchanga na mzee huumia zaidi. Mti wa kivuli hupunguza joto hilo. Majani ya ukoka hupunguza vumbi, na vumbi huwasumbua watu wenye pumu na watoto wenye kikohozi.

Sasa tuingie kazini. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA MAJI

Usianze na jembe. Anza na macho. Siku ya mvua kubwa, simama barazani utazame. Maji yanaingia uwanjani kutoka wapi? Yanasimama wapi? Yanatokea wapi? Chukua vijiti, vichomeke mahali yanaposimama. Mvua ikikatika, utaona ramani ya uwanja wako.

Chimba mtaro mdogo wenye mteremko, maji yapite kando ya nyumba. Panda ukoka kingo za mtaro ili zisibomoke. Lakini usielekeze maji kwa jirani. Ukifanya hivyo hujaondoa ugonjwa, umeuhamisha tu. Kaa na jirani, na ikibidi mwiteni mwenyekiti wa mtaa, mkubaliane njia moja ya maji.

HATUA YA PILI: FUTA ALAMA ZA MAFUNDI

Nyumba mpya huachiwa mashimo. Kuna shimo la kukorogea zege. Kuna shimo lilipotolewa mchanga. Kuna pipa la maji ya kumwagilia matofali. Kuna mifuko ya saruji na makopo ya rangi yaliyotupwa nyuma ya nyumba.

Fukia mashimo yote, ushindilie udongo. Mapipa unayoyatumia yafunike vizuri. Usiyoyatumia yapindue. Makopo na mifuko yakusanye uyatupe panapostahili. Rundo la mawe na mbao usiliache karibu na mlango, kwa sababu panya hujificha humo, na nyoka humfuata panya. Kazi hii ni ya lazima. Ifanye kabla hujapanda hata jani moja.

HATUA YA TATU: UJUE ULICHO NACHO

Kabla ya kufyeka, tembea katika kiwanja chako pamoja na mzee anayeijua miti ya hapo. Muulize, "Huu ni mti gani? Unakua kiasi gani? Una sumu?" Katika vijiji vya zamani vya Wazaramo wapo wazee wanaojua jina na kazi ya kila mti. Elimu yao haiuzwi dukani.

Weka alama ya kitambaa katika miti unayotaka ibaki. Waoneshe mafundi alama hizo kabla hawajaanza kujenga. Mti uliopo tayari una mizizi mirefu. Ukiukata leo na kupanda mwingine, utangoja miaka mingi kupata kivuli kilekile.

HATUA YA NNE: UGAWE UWANJA

Chukua kijiti uchore uwanja wako chini, kisha ugawe hivi:

Sehemu ya kwanza ni hatua mbili kutoka ukutani. Hapa pasiwe na kichaka. Weka kokoto au acha udongo ulioshindiliwa vizuri, ufagie. Ukipita hapo usiku utamwona nyoka au nge. Lakini usifagie kwa nguvu hadi ukachimba, ukauacha msingi wazi.

Sehemu ya pili ni uwanja wa watu. Panda ukoka, uwe unaukata uwe mfupi. Hapa watoto watacheza. Acha nafasi ya kutosha. Siku ya shughuli au ya msiba, turubai litafungwa wapi na majirani watakaa wapi? Uwanja wetu si wa kutazamwa tu, ni wa kukaliwa.

Sehemu ya tatu ni pembezoni, kandokando ya uzio. Hapa panda vichaka na miti midogo.

Sehemu ya nne ni ya mti mmoja mkubwa wa kivuli, kama kiwanja kinatosha. Uwe mbali na nyumba kwa hatua kumi au zaidi. Uwe mbali pia na shimo la choo na bomba la maji, na usiwe chini ya nyaya za umeme. Jua la jioni hutoka magharibi, na ndilo linalochosha. Kama mbele ya nyumba yako pametazama magharibi, mti huo utakufaa sana.

HATUA YA TANO: CHAGUA MIMEA

Hii ndiyo mimea ninayoijua na kuipenda.

Ukoka. Hutambaa chini na kushika udongo. Chukua vipande vya mashina yenye mizizi, uvipande shibiri moja moja wakati wa mvua. Baada ya masika moja utaona uwanja unafunga.

Mkole. Ni mti mdogo, unafaa hata kiwanja kidogo. Matunda yake madogo watoto huyapenda. Wazaramo wanauheshimu mti huu, kwa sababu una nafasi katika mila za kumfunda mwali. Panda hatua tatu au nne kutoka nyumbani.

Mtopetope-mwitu. Huvumilia mchanga na ukame. Tunda lake likiiva huwa la rangi ya manjano na hunukia vizuri. Unafaa kandokando ya uzio.

Mshubiri. Huhitaji maji kidogo sana na maua yake hupendeza. Panda kando ya njia ya kuingilia. Lakini utomvu wake mchungu usimnyweshe mtoto wala mama mjamzito.

Mbungo. Huu ni mmea unaopanda juu ya miti. Mabungo yake hutoa maji matamu ya kunywa. Utengenezee nguzo imara, maana hukua kwa nguvu na kuwa mzito.

Mchongoma wa porini. Una miiba, hufaa kwa uzio. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Basi usiupande mahali watoto wanapocheza.

Mkwaju. Huu ni mti mkubwa wa kivuli. Kokwa zake ziloweke usiku mmoja katika maji ya moto yaliyopoa kidogo, kisha uzipande katika viriba. Hukua polepole, lakini huishi miaka mingi. Ukwaju ni chakula na kinywaji.

Mpingo. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge wanaujua thamani yake. Hukua polepole mno. Anayeupanda leo anampandia mjukuu. Kama una nafasi kandoni, panda mmoja kwa ajili ya nchi.

Usipande mkuyu wala mbuyu katika kiwanja kidogo. Yote ni miti mizuri ya asili, lakini mbuyu hunenepa kuliko chumba, na mizizi ya mkuyu hufuata maji hadi ndani ya shimo la choo.

Utapata wapi miche? Tazama bustani za miche zilizo kandokando ya barabara. Uliza kwa Wakala wa Huduma za Misitu, ambao huuza mbegu na miche. Omba mbegu kwa jirani. Lakini usiende kung'oa miche katika misitu ya hifadhi kama Pugu au Pande. Misitu hiyo ina mimea mingine isiyopatikana popote duniani, na kuing'oa ni kosa kisheria.

HATUA YA SITA: PANDA VIZURI

Panda mvua zinapoanza, si zinapokwisha. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo mweusi wa juu uweke upande mmoja. Udongo wa chini uweke upande mwingine. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Chana kiriba, uutoe mche bila kuvunja udongo wa mizizi. Uweke shimoni, urudishe udongo wa juu kwanza, ushindilie kwa mguu polepole.

Tandaza majani makavu kuzunguka mche ili udongo usikauke. Yasiguse shina. Usiache bakuli kubwa la kutuamisha maji kwa siku nyingi.

Mwaka wa kwanza mche unahitaji msaada, hata ukiwa wa asili. Ni kama mtoto anyonyaye. Kiangazi umwagilie mara mbili kwa wiki. Unaweza kutumia maji ya kusuuzia nguo. Ukipenda, toboa chupa ya plastiki tundu dogo chini, uichomeke karibu na mche, uijaze, uifunge kizibo kwa kulegeza. Maji yatadondoka polepole. Mwaka wa pili utapunguza. Mwaka wa tatu mti utajitegemea.

JIHADHARI: ASILI SI USALAMA

Watu wengine hudhani mmea wa asili hauna madhara. Hilo si kweli. Mnyaa ni wa asili Afrika, na wengi huupanda kuwa uzio. Lakini maziwa yake ni makali. Zahanati kwetu aliletwa mtoto aliyevunja tawi la mnyaa akapangusa jicho. Jicho lilivimba likawa jekundu. Nyumbani walikuwa wamemtia dawa ya majani kwanza, wakachelewa. Aliumwa siku nyingi.

Kama una watoto wadogo, usipande mnyaa. Maziwa yake yakiingia jichoni, mwoshe mtoto jicho papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa bila kuacha. Usimtie maziwa ya mama wala dawa ya majani. Kisha mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maua mengine ya mapambo ya kigeni nayo yana sumu kali. Liko ua la rangi ya waridi au nyeupe lenye majani membamba marefu magumu, nalo huuzwa sana mijini. Liko na la manjano lenye umbo la tarumbeta na kokwa ngumu. Yote mawili hudhuru moyo yakiliwa. Ukiwa na shaka, muulize muuza miche, "Je, lina sumu?" Asipojua, usinunue.

Mtoto akila mmea usioujua, usimtapishe. Chukua tawi la mmea huo lenye majani, mkimbize hospitali, umwoneshe mganga.

Na mtu akiumwa na nyoka, usimchanje, usimfunge kamba, usinyonye jeraha. Mtulize, asitembee, mbebeni upesi hadi hospitali.

KAZI YA KILA WIKI

Kuwa na siku moja ya uwanja, kwa mfano Jumamosi asubuhi. Baba, mama na watoto wote washike kazi. Mwageni maji katika visahani, makopo na matairi. Tazameni chini ya migomba na katikati ya majani ya mananasi, maana humo pia maji hukaa. Kateni ukoka. Zibueni mtaro. Mkifanya hivyo kila wiki, kiluwiluwi hatapata muda wa kuota mabawa.

Lakini uwanja mzuri hautoshi peke yake. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Mtoto akipata homa, usingoje kesho. Mpeleke akapimwe.

MIKOLE YA DADA

Nilirudi kwa dada baada ya mtoto kutoka hospitali. Niliona haya. Nilimwambia, "Dada, nilikudanganya bila kujua." Akacheka, akanipa jembe. Siku ile tulifukia shimo, mimi, yeye na shemeji. Tukachimba mtaro. Tukarudisha ukoka tulioomba kwa jirani.

Mkwaju ulikuwa umekwenda. Tulipanda mwingine mdogo, na bado ni mdogo. Lakini visiki vya mikole vilikuwa hai. Mvua za vuli zilipokuja, kimoja kilichipua, kisha cha pili. Tulichagua chipukizi lenye nguvu katika kila kisiki, tukayakata mengine.

Leo mikole ile inamzidi mtu mzima kimo. Msingi wa nyumba haujaonekana tena. Yule mtoto sasa anasoma shule ya msingi. Juzi nilimkuta chini ya mkole, midomo imechafuka, mkononi ana matunda. Aliniuliza, "Mjomba, unataka kole?" Nikakaa chini, nikala naye.

Ndugu msomaji, wewe unayejenga Bunju, Chamazi, Toangoma au kijijini kwako, usifanye kosa langu. Kabla hujainua panga, tazama maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mbu huzaliwa wapi? Mwandishi alikosea nini alipomshauri dada yake?

2. Taja mashimo na vyombo vinavyoachwa na mafundi katika nyumba mpya. Je, kwako vipo?

3. Taja miti mitatu ya asili ya mahali penu. Nani katika kikundi anajua kazi zake?

4. Kwa nini hatupandi mkuyu karibu na choo?

5. Mtoto akipata maziwa ya mnyaa jichoni, utafanya nini kwanza? Hutafanya nini?

KAZI YA KUFANYA

Mvua ijayo, simama mlangoni na kijana wako mmoja. Chomekeni vijiti mahali maji yanaposimama. Kesho yake fukieni. Kisha chagueni mahali pa kupanda mti mmoja wa asili, na mumpe mtoto kazi ya kuutunza.